Seremala wa Haldenstein na Kazi Zake

Mwaka 2009 nishani ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu wa majengo ni heshima kuu kupita zote, alitunukiwa Peter Zumthor, mtu wa Uswisi. Wakati huo alikuwa amekwisha timiza miaka 66, na karakana yake ilikuwa Haldenstein, kijiji kilicho karibu na mji wa Chur, chini ya milima mirefu. Wengi waliotangulia kuipata nishani hiyo walikuwa wamekwisha jenga katika miji mikubwa ya mabara mengi. Kazi zake yeye zilikuwa chache, na baadhi ya zile zilizo bora zilikuwa mahali ambapo msafiri hafiki ila kwa kukusudia: bondeni, mlimani, kandokando ya mashamba.

Tangu hapo wamsifuo wamekuwa wengi mno. Humwita mtawa wa milimani, hunena habari za ukimya wake na subira yake, nao huandika kana kwamba majengo yale yalichipuka yenyewe katika ardhi. Mimi nisomapo sifa hizo huona zimesahau jambo moja. Nyumba ina mwenye kuijenga na mwenye kujengewa, na subira ya fundi haifai kitu ikiwa mwenye nyumba hana subira. Katika makala haya nataka kumpima Zumthor kwa kipimo hicho: ni nani waliomngoja, na ni nani waliochoka kumngoja?

Kwanza yanipasa kukiri neno moja. Majengo haya sikuyaona kwa macho yangu. Nimeyajua kwa vitabu, kwa ramani na kwa picha. Kama ningekuwa naandika habari za msanifu mwingine, upungufu huo ungekuwa mdogo. Lakini Zumthor hufundisha kwamba nyumba hujulikana kwa mwili mzima: kwa unyayo ukanyagapo mbao, kwa sikio lisikiapo mlio wa chumba, kwa ngozi itambuayo baridi ya jiwe na joto la ubao. Katika kitabu chake kiitwacho Architektur Denken, kilichotoka mwaka 1998, aeleza jinsi alipokuwa mtoto alivyokuwa akishika kitasa cha mlango wa bustani ya shangazi yake (lugha ya Kijerumani haipambanui shangazi na mama mdogo, basi na tuseme shangazi), na jinsi kitasa kile kilivyobaki katika fikira zake hata uzee wake. Humo katika kumbukumbu za namna hiyo, asema, ndimo itokamo kazi yake. Basi msomaji na ayapokee maneno yangu kwa hadhari, kama ayapokeavyo maneno ya mtu asifuye chakula alichokinusa tu.

Zumthor alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Basel. Baba yake alikuwa seremala wa samani, na mwana akajifunza kazi hiyohiyo tangu mwaka 1958 hata 1962. Baadaye alisoma katika chuo cha sanaa za mikono mjini Basel, kisha akavuka bahari kwenda New York, katika chuo cha Pratt. Mtu angedhani kwamba kijana aliyeyaona maghorofa ya New York angerudi na hamu ya kujenga maghorofa. Walakini aliporudi aliingia katika idara ya serikali ya jimbo la Graubünden itunzayo majengo ya kale, akakaa humo yapata miaka kumi, akizipima nyumba za wakulima na kuandika habari zake: jinsi boriti zilivyounganishwa, jinsi paa zilivyoezekwa, jinsi ukuta ulivyokutana na ardhi. Ofisi yake mwenyewe aliifungua mwaka 1979, umri wake ukiwa umepita miaka 35. Sisi walimu, ambao kila siku twawahimiza vijana wamalize upesi, yafaa tuikumbuke hesabu hiyo.

Useremala haukumtoka. Wako wasanifu waanzao kwa sura ya jengo, kisha hutafuta kitu cha kulijengea. Yeye huanza kwa kitu chenyewe: jiwe la mahali pale, mti wa msitu ule, tofali la udongo fulani. Huviweka vitu pamoja akatazama vinavyopatana na visivyopatana, kama mpishi aonjaye viungo kabla ya kuinjika chungu. Kazi ya kwanza iliyomletea sifa ni mabanda ya mbao yaliyokamilika huko Chur mwaka 1986, juu ya misingi ya nyumba zilizojengwa na Warumi wa kale. Kuta zake ni vibao vilivyopangwa kwa nafasi, hata mwanga na upepo hupita, lakini theluji haiziharibu kuta za kale zilizofukuliwa. Mabanda yale hufuata umbo la nyumba zilezile za Kirumi, basi apitaye njiani huona kivuli cha kitu kilichokuwapo.

Mwaka 1984 maporomoko ya theluji yaliangusha kanisa dogo la kale la Sogn Benedetg, katika Sumvitg, upande wa juu wa bonde la mto Rhein. Paroko na watawa wa Disentis wangaliweza kulijenga tena kama lilivyokuwa, wala hapana ambaye angewalaumu. Lakini walitaka kanisa la wakati wao. Zumthor akawachorea kanisa la mbao lenye umbo la jani, limevikwa nje vigae vya mbao. Wakuu wa mahali pale wakatoa ruhusa ya kujenga, ila wakaandika katika hati kwamba wao hawakusadikishwa. Kanisa likaisha mwaka 1988. Leo vigae vilivyoelekea jua vimeungua vikawa vyeusi, na vya upande wa pili vimekuwa vya kijivu kama fedha iliyochakaa, sawasawa na nyumba za mbao zilizo jirani. Wakuu wale nawaheshimu kuliko wengi wa hao waliokuja na sifa baadaye. Walisema kweli kwamba hawakuridhika, na hata hivyo hawakumzuia. Kama wangalidai kwanza kuridhika, kanisa lisingalijengwa.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima, nayo ni hamamu ya Vals. Vals ni kijiji cha bondeni chenye watu wapatao elfu moja, na chemchemi yake hutoa maji yenye joto la digrii 30. Katika miaka ya 1960 palijengwa hoteli karibu na chemchemi hiyo, lakini biashara yake ikaanguka, na mwaka 1983 kijiji chenyewe kikainunua. Wanakijiji wakaona kwamba bila hamamu mpya wageni hawatakuja. Kazi wakampa Zumthor, ambaye siku hizo hakuwa mtu mashuhuri. Tangu walipompa kazi mpaka mlango ulipofunguliwa mwaka 1996 ilipita miaka kama kumi. Yafaa kukitafakari kijiji hicho: wakulima na wenye maduka, wamekopa fedha, wana hoteli iliyochoka, nao wamngoja fundi atazamaye mawe.

Mawe yale yalitoka katika machimbo ya bonde lilelile. Ni jiwe gumu la kijivu, nalo huchukuana na kijani cha mbali. Nyumba za Vals tangu zamani huezekwa kwa vipande vya jiwe hilo. Zumthor alilitoa paani akalifanya ukuta, sakafu, ngazi na kingo za maji. Vilikatwa vipande 60,000, kila kimoja chenye urefu wa mita moja hivi, navyo vilikuwa na unene wa namna tatu: milimita 31, 47 na 63. Jumlisha, utapata 141. Milimita 9 zilizobaki ni za viungo, na jumla yake yote ni sentimita 15 kamili. Basi mwashi aliweza kuzipandanisha tabaka tatu kwa utaratibu wowote apendao, nyembamba juu au nene juu, na kila baada ya sentimita 15 mstari ulirudi sawa, hata kidato cha ngazi na kizingiti cha mlango vikaangukia mahali pake. Ukuta huonekana kana kwamba hauna kanuni, kumbe kanuni imo ndani yake. Katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya majengo sijaona hesabu nyepesi kama hii ikifanya kazi kubwa namna hii, nami nimewahi kuwaandikia wanafunzi ubaoni bila kuwaambia ni ya nini, mpaka mmoja akauliza kama ni ya ukuta.

Ndani ya hamamu mna vyumba kama mapango, kila kimoja na maji yake: maji ya moto ya digrii 42, maji baridi ya digrii 14, maji yenye petali za maua, na bwawa la nje patazamapo mlima. Paa limepandwa majani, nalo limekatwa kwa mianya myembamba ya kioo, na mwanga hushuka humo ukaupaka ukuta. Hakuna nakshi wala rangi. Miaka miwili tu baada ya kufunguliwa, mwaka 1998, serikali ya jimbo iliiandika hamamu hiyo miongoni mwa majengo yanayolindwa kwa sheria. Wageni walikuja kama walivyotumainiwa, na zaidi.

Mwaka 2012 kijiji kikaiuza. Zumthor alikuwa upande wa kundi lililotaka kuinunua pamoja na hoteli yake, lakini wanakijiji walipopiga kura walimchagua mnunuzi mwingine, mfanyabiashara. Waandishi wengi wa mijini waliwalaumu kwa ajili ya kura hiyo. Mimi sithubutu. Hoteli ya kale hudai matengenezo kila mwaka, na waliokuwa wakiyabeba madeni yake si wale walioandika makala. Lakini huzuni yangu siifichi. Jengo lile lilikuwa mfano wa nadra wa kijiji kuwa mwenye nyumba, kuchagua, kungoja, kulipa, na kupata kitu ambacho matajiri wa miji hawakuwa nacho. Kuta zimelindwa na sheria. Umiliki haukulindwa na kitu.

Nisingekuwa mkweli kama ningeacha habari za Berlin. Katika mji huo pana kiwanja zilipokuwa ofisi kuu za polisi wa siri wa Hitler. Watu walitaka kujenga hapo jengo la kuonyesha maovu yaliyopangwa katika kiwanja hicho, na mwaka 1993 Zumthor akashinda katika mashindano ya michoro. Mchoro wake ulikuwa jengo refu la fito za zege zilizosimama karibu karibu kama ua, bila pambo lolote, kwa kuwa aliamini kwamba mahali kama pale jengo lisiseme neno. Fikira hiyo naiona ni kubwa. Ujenzi ulianza mwaka 1997. Minara ya ngazi ikasimama. Kisha gharama zikapanda, ugomvi ukaingia, kazi ikalala miaka. Mwaka 2004 minara ile ikabomolewa. Jengo la mtu mwingine, la sura ya kawaida zaidi, lilifunguliwa hapo mwaka 2010, nalo latimiza kazi yake.

Rafiki zake husema kwamba serikali ilikosa moyo. Huenda. Lakini mchoro wenyewe haukuwa na mahali pa kupunguza: ukizinenepesha fito zile, umeliondoa jengo lote. Msanifu ajengaye kwa fedha za umma, tena kwa ajili ya wafu wa umma, hana ruhusa ya kuchora kitu kisichoweza kupungua hata kidogo. Ukali uleule uliowapatia watu wa Vals ukuta wao uliwaacha watu wa Berlin na kiwanja kitupu kwa miaka mingi, na wazee walioteswa na serikali ile walikuwa wakifa mmoja mmoja. Katika kazi zake zote hilo ndilo deni kubwa.

Baada ya hapo zilifuata kazi nyingine, nami nitazipita upesi. Jumba la sanaa la Kolumba katika mji wa Köln, mali ya askofu mkuu wa mji huo, lilifunguliwa mwaka 2007. Lilijengwa kwa matofali membamba ya kijivu yaliyochomwa Denmark kwa ajili yake, nayo husimama juu ya magofu ya kanisa lililovunjwa katika vita ya pili. Mahali pengine matofali yameachiwa matundu, na mwanga huingia kama upenyao katika majani ya mti. Ni kazi nzuri, ila kanisa dogo alilolijenga Gottfried Böhm katika magofu hayo, lililokwisha mwaka 1950, sasa limefunikwa ndani ya jengo jipya, na mwanga wake wa zamani umepotea. Mtu aliyefunzwa kutunza vya kale angekuwa mpole zaidi kwa mwenzake. Mwaka 2011, huko Vardø, ncha ya kaskazini ya Norway, alijenga ukumbusho wa watu 91 waliouawa katika karne ya 17 kwa kushitakiwa uchawi: ushoroba mrefu wa kitambaa ulioning'inizwa katika viunzi vya mbao, wenye madirisha madogo 91, na kila dirisha lina taa yake. Katika Los Angeles alipewa jumba kubwa la sanaa, na majengo yaliyolitangulia yakabomolewa mwaka 2020. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa zege jeusi. Weusi ukaachwa, na ukubwa ukapunguzwa. Huko mwenye nyumba ni halmashauri na wafadhili na mji mzima, wala sishangai kwamba mkono wa seremala ni shida kuuona.

Kazi niipendayo kuliko zote ni ndogo kuliko zote hizo. Karibu na kijiji cha Wachendorf, katika nchi ya Ujerumani, walikaa mkulima na mkewe waliotaka kumshukuru Mungu kwa maisha marefu na mema. Wakaazimu kujenga shambani mwao kanisa dogo la kumkumbuka Bruder Klaus, yaani Niklaus von Flüe, mtakatifu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1417. Huyo alikuwa mkulima na baba wa watoto kumi, naye mwaka 1467, kwa ridhaa ya mkewe, aliiacha nyumba yake akakaa peke yake katika korongo la Ranft, na watu wakawa wakimwendea kutaka shauri. Wale wazee wawili wakamwandikia Zumthor, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha enea kila mahali. Akakubali.

Walikata miti 112 katika msitu wa karibu, wakaisimamisha kwa duara, vichwa vikaegemeana kama hema. Kisha mkulima na jamaa na rafiki zake wakaanza kuizungushia zege la changarawe ya mtoni, mchanga wa rangi ya udongo na saruji nyeupe, wakilishindilia. Kila siku ya kazi walipandisha tabaka moja ya nusu mita, wala hawakuzidisha. Siku 24 zikafanya tabaka 24, na kimo cha mita 12. Nje ukuta ni mnyofu, na tabaka zake huonekana zote, hata mtu aweza kuhesabu siku za kazi kwa kidole. Ndipo wakawasha moto ndani. Haukuwa moto wa kuwaka kwa nguvu. Ulikuwa wa kufukiza, kama wa wachoma mkaa, nao ulikaa wiki tatu, hata miti ikakauka ikajitenga na zege ikaweza kutolewa. Kilichobaki ni chumba cheusi chenye alama za magogo, mfereji baada ya mfereji, vikipanda mpaka tundu la juu lililo wazi. Matundu madogo yaliyobaki katika ukuta yalizibwa kwa vioo, nayo hung'aa gizani. Sakafu ni ya risasi na bati, iliyoyeyushwa na kumiminwa palepale. Hamna umeme, hamna maji ya bomba. Mwezi wa Mei mwaka 2007 kanisa likabarikiwa.

Wapo wasemao kwamba jengo hili lafaa kwa kuwa ni dogo, na kwamba kila msanifu angeweza kufanya ajabu kama hiyo akipewa shamba na siku 24. Sikubaliani nao. Zumthor alipunguza mchoro wake mpaka ukaingia katika mikono ya watu wasio mafundi, wenye mashamba ya kulima na ng'ombe wa kutunza, na akafanya polepole yao iwe ndiyo sura ya ukuta. Huko Berlin alitaka zege litii wembamba ambao wajenzi hawakuuweza kwa fedha walizokuwa nazo. Hapa aliliacha lifuate nguvu za mtu mmoja kwa siku moja. Ni fundi yuleyule, na miaka ya kazi hizi mbili haikuachana sana. Sijui kama mwenyewe angekubali kwamba ya pili yaijibu ya kwanza, lakini mimi nazisoma hivyo.

Mlango wa kanisa ni wa chuma, wenye pembe tatu, tena mzito. Aingiaye hupita kwanza ushoroba mwembamba wenye giza, kisha huinua macho penye tundu. Mvua inyeshapo huingia humo bila kizuizi, ikatuama katika bonde la sakafu ya risasi, ikakaa mpaka ikauke yenyewe.